Jiwe la Chumvi

Thirza Hedley alikuwa jirani yangu tangu nilipoolewa huku kilimani, na naomba niseme mapema: hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na mdomo. Siku nilipoletwa bibi harusi alisimama mlangoni kwangu na kikapu cha mayai, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Haya Dorrie, karibu. Hivyo viatu kesho havipo." Na kweli, kesho yake vilibaki matopeni. Yeye ndiye aliyenivuta, huku akicheka mpaka akakaa chini.

Hakuolewa. Baba yake alimwachia nyumba ya mawe, mbwa mmoja mwenye hasira na kondoo wa kilimani, na hao kondoo ndio waliokuwa jamaa zake. Ukitaka kumsema vibaya Thirza, sema. Ukiwasema kondoo wake, jiandae.

Kilima chetu hakina uzio. Ukiweka kule kondoo wageni asubuhi, jioni wako kwa watu. Wa Thirza hawakwenda popote, kwa sababu mama alimfundisha binti yake na binti akamfundisha wake, tangu enzi ambazo hakuna azijuaye: maji yako hapa, upepo wa kaskazini ukivuma tunajibanza pale, na chumvi iko jiweni.

Jiwe lenyewe liko juu kabisa, pana kama sakafu ya jikoni kwangu. Watu wa kale wamelichonga vikombe vidogo, na kila kikombe kimezungukwa na duara, na duara lingine, na lingine, kama maji ya dimbwi ukitupia kokoto. Nani alichonga na kwa nini, haijulikani. Thirza, kama baba yake na babu yake, siku za ukavu alitia chumvi ya mawe kwenye vile vikombe, kisha akaweka mikono mdomoni akaita, "Huuu-ii! Huuu-ii!" Kila uliyemdhani jiwe kule mbali akasimama, akaanza kuja.

Watu hutoka mijini kulipiga picha jiwe lile, na Thirza hakuwahi kuwaacha wapite salama.

"Mama, unatia nini humo? Hiki ni kitu cha kale!"

"Na mimi unaniona wa juzi?"

"Unadhani vilichongwa kwa ajili ya nini?"

"Chumvi."

"Lakini wengine wanasema labda ni ibada, au nyota..."

"Nyota zina ulimi? Chumvi, bwana. Waulize kondoo."

Mimi sidhani alikuwa sahihi. Waliochonga, pengine hata kondoo hawakuwa nao. Lakini bishana na Thirza wewe, uone.

Aliyetangulia kuja siku zote alikuwa Bess, kikongwe wa kundi, pembe moja imevunjika. Na asiyekuja siku zote alikuwa Yezebeli. Huyo alikuwa kijana, uso mweusi tii, mkaidi wa kuzaliwa. Kundi zima likilamba chumvi, yeye amesimama kwenye mwinuko wa pili anatazama mambo mengine. Thirza alikuwa akimpigia kelele, "Wewe! Sikio la kufa halisikii dawa! Utakufa vibaya, Yezebeli, mimi nakwambia!" Nami nikawa namtania, "Mwache, shoga, amefanana nawe. Na wewe ulipoitwa kanisani na wachumba hukwenda."

Kisha ikaja ile masika ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mnaikumbuka. Ulishika shamba moja bondeni, na amri ikatoka kwamba mifugo yote ya majirani iuawe, mzima na mgonjwa. Wetu walichukuliwa kwanza. Walikuwa mashambani karibu na nyumba, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Mume wangu hakula siku hiyo wala iliyofuata.

Wa Thirza walikuwa juu kilimani, wana mimba kubwa, wamebakiza siku chache kuzaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akichechemea. Alimwonyesha daktari wa mifugo kwa darubini, kijana mmoja mpole aitwaye Desmond. "Tazama mwenyewe! Unaona mgonjwa hapo?"

"Simwoni, Bi Hedley. Lakini amri haiulizi."

Kutwa nzima walijaribu kuwakusanya kwa mbwa wa kukodi na vile vipikipiki vya magurudumu manne. Wapi! Kondoo walitawanyika kama mbaazi zilizomwagika, na kipikipiki kimoja kikazama kinamasini mpaka usukani. Jioni Desmond alikuja uani kwa Thirza, kofia mkononi. Akasema kesho wataleta wenye bunduki za masafa marefu.

"Watawapiga wakikimbia?" Thirza akauliza.

"Itabidi."

"Wana watoto tumboni."

"Najua, mama. Najua."

Thirza akaja kwangu. Nilimwekea chai, hakuigusa. Akaniambia, "Dorrie, ukimpiga kondoo anayekimbia humuui, unamvunja. Ataingia kinamasini afie humo taratibu, na mwana akirusha miguu tumboni. Sikubali." Akakisukuma kikombe kando. Kisha akasema, "Nitawaita mwenyewe."

Nikamkaripia. "Usithubutu! Waache wafanye kazi yao chafu. Hutajisamehe, Thirza."

"Na nani atakuwa nao? Wale wa bunduki? Wanamjua nani pale?"

Nikamwambia basi tutakwenda wote.

Asubuhi kulikuwa kweupe na kukavu, siku nzuri ya chumvi. Nilitamani mvua kama nilivyowahi kutamani jua. Alijaza vikombe kimoja kimoja, akisawazisha kwa kidole gumba kama baba yake alivyomfundisha. Akaweka mikono mdomoni. Akaishusha. Alikohoa, akafuta uso kwa mkono wa koti, akaiinua tena, akaita, "Huuu-ii!"

Wakaja. Mungu wangu, walikuja! Wale waliokimbia mbwa na mashine kutwa nzima, walipanda mbiombio na matumbo yao mazito yakiyumba, Bess mbele, wakalizunguka jiwe. Ndimi zikaanza kazi. Thirza akawa anawagusa migongo, akisema, "Kuleni, mabibi zangu. Kuleni, msiharakishe." Hakuwaondoa mpaka vikombe vyote vilipokuwa vyeupe vitupu. Kisha akageuka akaanza kushuka kilima, nao wakamfuata, bila mbwa, bila fimbo, mpaka ndani ya zizi, na lango likafungwa.

Alikaa nao. Desmond alimsihi atoke, akamjibu, "Nenda zako, mwanangu." Alimshika kila mmoja taya wakati bastola inawekwa kipajini. Bess alikuwa bado anamlamba vidole. Nilimwona yule kijana daktari akienda nyuma ya lori akilia kwa sauti, na mimi nililia pamoja naye, potelea mbali.

Walipomaliza, Desmond aliuliza, "Wote wameshuka?"

"Wote," Thirza akasema.

Nikamtazama. Hata mimi nilikuwa nimeangalia, na sikumwona Yezebeli.

Moshi wa mizoga iliyochomwa ulikaa bondeni muda mrefu, tukaula kwenye mkate. Siku moja nikamsindikiza Thirza juu, maana hakupenda tena kwenda peke yake, na tukamkuta Yezebeli amesimama juu ya jiwe. Analamba vikombe vikavu, anainua kichwa, analia, anasikiliza. Mnyama ambaye hajawahi kukaa na wenzake sasa anawatafuta. Alipotuona alikuja. Hatukumwita, jamani. Alikuja mwenyewe mpaka akaingiza pua kwenye mfuko wa koti la Thirza.

"Maisha yake yote hajanifuata," Thirza akasema. "Leo ndiyo ananifuata."

Kule barabarani magari ya serikali yalikuwa bado yanapita, watu wana darubini. Wakimwona pale jiweni, kesho yake bunduki. Thirza akamsukuma. Akarudi. Akampiga kofi la uso, akarudi tena. Basi akaokota bonge la udongo akamtupia, halafu lingine, halafu mawe, huku anapiga kelele, "Toka! Usinijie! Nikikuita usije, unasikia? Usije kamwe!" Jiwe moja lilimpata mbavuni, nikasikia kishindo chake. Yezebeli alikimbia mpaka mwinuko wa pili, akageuka kututazama. Thirza akatupa tena. Yezebeli akavuka mwinuko, akashukia upande wa msituni, na hatukumwona tena, siku ile wala nyingine.

Thirza aliinama kwenye jiwe, mikono yote miwili kwenye vile vikombe. "Walikuja, Dorrie," akasema. "Ningewaita mara mia wangekuja mara mia. Aliyepona ni yule asiyenisikia." Nilimshika mabega.

Baadaye Desmond alipiga simu kwamba damu ya wale kondoo ilipimwa, ikawa safi, hakukuwa na ugonjwa. Thirza alijibu, "Asante kwa kunijulisha," akaweka simu, akaenda kukata kuni. Wengine tulinunua kondoo upya. Yeye alikataa. Ule msemo wa sikio la kufa nimeusema maisha yangu yote, kwa watoto, kwa mume, kwa mbwa. Siku hizi ukinitoka mdomoni naukatiza.

Mara ya mwisho kupanda naye ilikuwa mwaka uliotangulia kifo chake. Miguu ilikuwa imemchosha, ikabidi tupumzike mara nyingi. Jiweni tulimkuta mama mmoja wa mjini na kamera, mchangamfu, mashavu mekundu kwa upepo. Vikombe vilikuwa na maji ya mvua.

"Samahani, nyinyi ni wenyeji?" akatuuliza. "Hivi, hivi vikombe vilikuwa vya kazi gani?"

Nikamgeukia Thirza. Nilikuwa nimeshaandaa na kicheko changu, nikingojea lile neno moja, nyota zina ulimi, waulize kondoo. Nilimwombea alitamke.

Thirza alilitazama jiwe.

"Sijui, mama," akasema. "Sisi hatujui." Akanishika mkono tushuke.