Pampu za Tumbo la Mama

Mama alikuwa na vidonda vya tumbo, na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Daktari alimwambia wazi kwamba visipopona kabla mwezi haujaandama, hakuna kufunga. Mama hakulia palepale. Alilia nyumbani Mkomani, akikunja buibui lake, na mimi ninayefundisha baiolojia nikamshikia ncha ya pili.

Alipewa vidonge vya kupunguza asidi. Wiki zikapita na bado aliamka ameshika tumbo. Nikamshuku daktari, nikamshuku na mwenye duka la dawa. Asubuhi moja nikamwona mama anamaliza mahamri, anashushia chai, ndipo anameza kidonge.

"Mama! Si uliambiwa kabla ya kula?"

"Dawa kwa tumbo tupu? Itanitoboa matumbo. Kwetu hatumezi hivyo."

Kweli, kwetu hatumezi hivyo. Hata mimi nililelewa kwa kipande cha mkate kabla ya kila kidonge. Lakini hasira zangu ziko karibu, nikamshika mkono hadi tekani, pale baina ya mlango wa barabarani na wa ndani.

"Mgeni akija, wafanyaje hapa?"

"Namtia tekani, nafunga wa nde, kisha nafungua wa ndani. Yote miwili ikiwa wazi, wapita ndia watatuona hadi jikoni."

"Basi ukuta wa tumbo lako una vimeng'enya vya namna hiyo, vimekaa ndani ya utando wa seli. Kila kimoja ni pampu yenye pande mbili zisizofunguka pamoja. Inapokea protoni kutoka ndani ya seli, inatumia nguvu ya seli kujigeuza umbo, inafunga nyuma, inafungua mbele na kuitoa protoni tumboni. Ikirudi, inaingia na potasiamu. Protoni zikijaa huko, ndiyo asidi inayokuchoma."

"Na kidonge?"

"Kinaing'ang'ania pampu isijigeuze tena. Ila kinazikamata zile zilizo kazini tu, na chakula ndicho kinachoziita kazini. Sharti kidonge kitangulie kizingoje. Ukila kwanza, kinakuta asidi imeshamwagwa."

Mama akafikiri. "Maskini, kumbe zachapa kazi. Kuzifunga si dhuluma?"

"Mwili utaunda nyingine, mama."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari. Kuanzia hapo alimeza kidonge kila asubuhi, tukakaa tekani nusu saa, akinisimulia habari za mtaa kabla ya chai. Nilizipenda nusu saa zile mno.

Vidonda vikapona. Daktari akamruhusu kufunga, mradi asiache kidonge. Siku ya kwanza, adhana ya magharibi ilipolia, mama akafungua kwa maji na kidonge chake, akaswali, akaketi kungoja nusu saa yake mbele ya tambi na mbaazi. Uso wake ulijaa furaha hata nikashindwa kumtazama sana. Nikautoa mkono sahanini, nimngojee.

Akachukua tende, akanitia mdomoni.

"Kula, mwanangu. Pampu zako hazina kosa."