Mjukuu Wangu Ameanika Pango la Wazee Mtandaoni, na Jumamosi Ninasubiriwa Kutasa

Hamjambo nyote. Wewe mwenye ukurasa, nifiche jina vizuri. Mimi ni nyanya wa miaka sabini na kitu, mjane, naishi huku juu milimani, mkifika Mghange hamjaniacha mbali. Shule sikuiona hata mlango. Haya nayasema kwa mdomo, anayeandika ni mama anayenisuka nywele, na nimemwambia akitia neno lake hapa nitamnyoa yeye.

Nina mjukuu wa kike, nimemlea tangu wa kubebwa mgongoni. Sasa yuko chuo kikuu huko Voi, mwaka wa mwisho. Huyo mtoto akikohoa kule, kifua kinaniuma mimi huku. Mwalimu wao aliwapa kazi ya kuandika mila za kwao kwenye mtandao, kitu wanakiita wiki, na si hii ya siku saba. Alinieleza kwamba ni kurasa za darasa zima, kila mtu anaandika humohumo. Huyu anaweka lake, yule anaongeza, mwingine akiona kosa analirekebisha bila kuomba ruhusa.

Nikamwambia, "Kumbe ni kama kuponda kimanga cha mihogo na maharagwe kwenye matanga, kila mwanamke na mwiko wake."

Akacheka. "Ndivyo hivyo, Nyanya. Na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuonja." Hilo la kuonja mimi nililiacha lipite. Laiti ningelishika hapo hapo.

Likizo alikuja, tukakaa jikoni nikimenya mihogo, akaniuliza habari za wazee. Zamani sisi Wadawida, yaani Wataita wa huku milimani, mzee akishazikwa miaka ikapita, fuvu lake lilitolewa likawekwa pangoni pamoja na wenzake. Pango la ukoo wa marehemu mume wangu bado liko, na mahali pake hapasemwi kwa mtu wa nje. Anayelilinda ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mimi nikamwelekeza mtoto njia yote, mpaka lile jiwe la kupindia, kwa sababu yeye ni damu ya mle. Sikumwambia asiandike. Nani anamwambia mtu mzima asiende sokoni uchi?

Akaandika yote. Wenzake wakaongeza picha za mlima, mwalimu akawasifu kwa kushirikiana.

Halafu shemeji akaenda pangoni akakuta nyayo za viatu na maganda ya peremende. Fuvu la baba yake halipo. Wazee wakamkalisha chini. "Njia unaijua wewe. Watalii wamefikaje? Umemuuza baba yako!" Mzee mzima alilia mbele ya vijana. Tangu siku hiyo hata kanisani anakaa benchi la nyuma, peke yake, na watu wanaruka benchi lake kama lina kunguni.

Nikampigia mjukuu. "Futa hayo maneno leo!"

Akafuta. Mwenzake mmoja akaona pengo, akayarudisha. Akajaribu ujanja, akaandika kwamba pango liko upande wa Ndara, mlima mwingine kabisa. Kijana mwingine wa darasa lao, mtu wa huku huku milimani, akarekebisha, tena akaongeza na ule mti ulio karibu ambao mtoto alikuwa ameusahau!

"Nyanya, wananisaidia," akaniambia kwa kilio. "Wanadhani nimekosea. Na hata nikifuta, maandishi ya kwanza yanabaki nyuma, mtu akitaka anayafungua."

"Basi nenda kwa mwalimu, mwambie ayafunge yeye. Ana mdomo wa kula tu huyo?"

Akasema, "Mwalimu aliniuliza kama wazee wametoa ruhusa. Nilimwambia ndiyo. Nikisema ukweli, nafukuzwa."

Jamani, nilimtukana matusi ambayo mama wa nywele amekataa kuyaandika. Nikakata simu. Kisha nikampigia tena kumuuliza kama amekula.

Sasa wazee wameitisha kutasa Jumamosi hii. Kwa msioijua, ni kutoa hasira moyoni. Unapewa kibuyu, unatia kinywaji mdomoni, unasema kilicho moyoni mbele ya wote, unatema kwa kunyunyiza, ukoo upone. Zamani ilikuwa pombe ya miwa, sisi wa kanisa tunatumia maji. Ila sheria ni ile ile: ukitema huku umeficha jambo, yule uliyemkinga kwa kuficha ndiye anayeugua. Kwa umri wangu, kibuyu kinaanza kwangu.

Jana shemeji alikuja mpaka jikoni. Amekonda. Nikampa kimanga, hakugusa.

"Mama wa watoto," akaniambia, "mimi na wewe tumezeeka pamoja. Unaniona mwizi?"

"Sikuoni mwizi, shemeji."

"Basi Jumamosi uwaambie hivyo. Wewe watakusikia."

Nikasema nitawaambia. Lakini nikisema tu si mwizi, wataniuliza, mwizi wa ile njia ni nani? Nikimtaja mtoto, wazee watashuka hadi chuoni, na miaka yote ya kumsomesha inaishia hapo, pamoja na hasira ya ukoo mzima juu ya kichwa chake. Nikinyamaza, mtoto ndiye atakayeugua, na shemeji atakufa na jina la mtu aliyeuza fuvu la babake. Nimefikiria kujisema mimi, kwamba niliwaelekeza watalii. Ila kile kitu cha mtandao kina jina la kila aliyeandika, na vijana wa ukoo wana simu, ni vile tu hawajaanza kutafuta. Wataniumbua kabla maji hayajakauka chini.

Nyinyi mnaosoma, mna nyanya zenu, na wengine mna wajukuu. Semeni nami bila kunipamba, na mseme kabla ya Jumamosi. Nitafanyaje? Kibuyu nitakipokea, maji nitayatia mdomoni, hilo siwezi kulikwepa. Nisichojua ni nitatema jina la nani.