Maikrowevu ya Shangazi

Kosa lilianza na uvivu wangu kwenye simu. Mama aliniuliza huko chuo kikuu, ninakosomea udaktari wa fizikia, nafanya nini hasa, nami nikamjibu, "Utafiti wa maikrowevu, Mama." Uongo haukuwa. Sikuongeza tu kwamba maikrowevu zangu ni mawimbi, si mashine ya kupasha chakula, na kwamba nayapitisha kwenye sanduku refu la alumini, lililojazwa vipande vilivyotupwa ovyo, nione yanakwama wapi.

Nilipokuja nyumbani Desemba, sifa zilikuwa zimenitangulia. Mama alinipokea langoni na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mkaa tunayowanywesha wanariadha wakirudi na medali, na majirani wakaacha kuchuna chai wakaja kupiga makofi. Nilikunywa nikijiona mtu.

Makofi hayajaisha, bodaboda ikaingia uani. Ilikuwa imembeba shangazi yangu, mwenye hoteli pale Kapkatet, na nyuma yake maikrowevu iliyofungwa kwa mpira.

"Hii kitu imekufa tangu Pasaka," shangazi akasema. "Nilitaka kupeleka kwa fundi Bomet, mama yako akakataa. Akasema wewe mwenyewe unakuja."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama wima, mikono kifuani, akiningoja nimtoe aibu.

Mashine ikawekwa mezani, juu ya kitambaa cheupe cha wageni. Mtu akaleta bisibisi. Sijui kutengeneza maikrowevu. Nijualo ni kwamba ndani yake kuna kitu kinachohifadhi umeme, na kinaweza kuua mtu hata waya ukiwa umechomolewa. Nikasema hivyo.

"Ala! Daktari anaogopa maikroweb!" akasema mzee jirani, na uani pote wakaangua kicheko.

Ningecheka nao, yangepita. Lakini mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaanza kuwahutubia juu ya mawimbi na sanduku langu, sauti juu, kana kwamba wao ndio waliofeli mtihani. Shangazi akaanza kuifunga mashine yake upya.

"Wachana na yeye," mama akaingilia. "Amechoka na safari. Ataangalia baadaye."

Mama ni mtu wa kanisa, hana uongo hata wa mzaha. Sasa alikuwa amedanganya mbele ya wifi yake, kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni nilimfuata akikamua ng'ombe. Hakugeuka.

"Sasa hiyo sanduku yako inapika nini?"

"Haipiki, Mama."

"Inafanya nini?"

Nikamweleza polepole, kama nilivyopaswa kumweleza kwenye simu. Mawimbi yanaingia, yanagonga kipande hiki yanarudi, yanagonga kile yanarudi. Kwa kuwa vipande havina mpango, mwishowe yanabaki yakizunguka mahali pamoja, upande wa pili hayafiki.

Aliisogeza ndoo karibu zaidi.

"Na wewe kazi yako ni kuangalia vile yanashindwa kutoka?"

"Ndio."

"Miaka hii yote."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaka kuelewa vizuri ili asikosee tena, na hilo liliniumiza kuliko kicheko cha mchana. Akainuka na ndoo yake, akanipangusia majani begani.

"Basi kesho kanisani wakiuliza," akasema, "nitawaambia bado unasoma."