Alipotua Begi la Gofu

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na shahidi yangu ni binti yangu Rehema, wa miaka kumi na sita. Ukitaka kucheka, cheka. Siku hizi hata nikichekwa sihisi kitu.

Tulitoka Dar kwa treni, likizo ya shule, tukacheze gofu Tabora, sisi wawili tu. Tangu mama yake afariki tulikuwa hatuzungumzi ila kwa "ndiyo" na "hapana", nikaona labda uwanjani tutafunguka. Badala yake tulibishana njia nzima tufikie wapi. Yeye alitaka hoteli mpya ya mjini, yenye intaneti. Mimi nilitaka gesti moja kuukuu ya mtaa wa Ipuli, nilikofikia na mama yake tulipooana. Tunapita stesheni ya Tura, hakuna aliyelegea. "Tutaona tukifika," nikasema.

Tulishuka Tabora jua likizama. Akaja mzee mmoja, miguu peku, akanyanyua begi la fimbo za gofu, akaliweka begani, akaondoka. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Hakuuliza tunakwenda wapi. Wewe ungefanya nini? Tulimfuata.

Aliipita hoteli. "Baba, si ile pale?" Rehema akauliza. Nikanyamaza, maana mzee alikuwa ameshika njia ya Ipuli, na niseme kweli, nilifurahi kwamba nimeshinda. Kisha akaipita na gesti. Hapo ningesema neno, lakini niliona aibu kurudi nyuma mbele ya mtoto. Tukaenda hadi nyumba zikaisha, yakabaki mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Kwenye uwanja mtupu mzee akatua begi.

"Tunalala hapa," akasema.

Niamini, sikuogopa. Nilikuwa nimechoka tu, nikaweka sanduku langu chini kando ya begi. Papo hapo nikasikia watu wakitua mizigo pande zote, watu wengi, wakishusha pumzi, na sikumwona hata mmoja. Rehema alikuwa anavua mkoba wake wa mgongoni. Nikamdaka mkono kabla mkoba haujagusa ardhi, tukakimbia hadi ile hoteli ya mjini. Begi na sanduku tuliviacha hukohuko.

Mama wa mapokezi pale hotelini, Mnyamwezi, alitusikiliza bila kushangaa. Akasema zamani za misafara ya wapagazi hakuna aliyeuliza malazi: kiongozi akitua mzigo, wote wanatua, na hapo ndipo wanapolala.

"Binti alitua?"

"Hakutua."

"Na wewe, baba?"

Nikatazama mikono yangu mitupu. Akampa Rehema ufunguo, mimi hakunitazama tena.

Huu ni mwaka wa pili. Nikilala kitanda chochote, mgongo wangu unahisi udongo, na nawasikia wale watu wakijigeuza usingizini. Mgongo umekakamaa, gofu nimeacha. Simlaumu yule mzee. Aliyenyamaza ni mimi.

Kwa hiyo wewe unayesafiri na mwanao, kubalianeni pa kufikia kabla hamjashuka, na mpatamke kwa sauti. Usikubali ubishi ukufunge mdomo mpaka mtu mwingine akuchagulie.

Na Rehema? Siku hizi tunazungumza. Kila usiku husimama mlangoni kwangu akasema, "Baba, tuko nyumbani." Mimi huitikia ndiyo, ili akalale. Aliye nyumbani ni yeye peke yake.