Gesi ya Jikoni Ndani ya Gari Jekundu

Moto ulitoka pale pale tulipongojea baridi, kwenye matundu ya AC ya gari, ukamchoma baba akinisukuma nje ya mlango.

Juzi nililiona gari lile lile kule Njiru, limetengenezwa upya, jekundu, la mashindano ya zamani, vioo vimepandishwa juu, na kovu la shavuni likaniwasha upya.

Baba alikuwa fundi katika gereji ya Ndirangu, mtaani Jericho. Alikuwa amelifungia gari hilo kompresa mpya ya AC, lakini gesi yake ya kupoza ikakosekana.

“Weka ya kupikia, Mutua,” Ndirangu akasema. “Baridi ni baridi.”

“Basi nipake povu la sabuni kwanza, mkubwa, nione kama inavuja.”

“Sabuni ni ya kufulia! Washa, mwenye gari anangoja.”

Baba alinikalisha kando yake nionje baridi ya matajiri. Ndani kulinuka kitunguu kilichooza. Kwetu tulipikia makaa. Nilidhani ndivyo magari yao yanavyonuka, nikanyamaza. Leo hata mtoto wangu mdogo angejua ni gesi inavuja, angepiga kelele. Baba akagusa swichi.

Ndirangu alitangaza kwamba baba aliwasha sigara. Baba, mlokole yule! Akazikwa na uongo huo.

Ndirangu, bado uko hai. Njoo Jericho, mbele ya waliokusikia, useme ni nani aliyeagiza gesi ya jikoni.