Mikebe Miwili Juu ya Friji

Wiki iliyopita nilimpeleka Anti Luz Houston, kwenye ubalozi mdogo wa Ufilipino, akabadilishe pasipoti. Siku hizi ni ofisi kamili, huko ghorofani: unapewa siku na saa, unaitwa, unapigwa picha, unaenda zako. Tukiwa kwenye lifti, Anti alifunua kidogo chombo chake cha chakula aone kama mchuzi umemwagika, na harufu ya siki na kitunguu saumu ikajaa mle ndani. Bwana mmoja alikohoa. Mimi nilikuwa na miaka tisa tena, nimepakata mkebe wa bluu, natamani ardhi inimeze.

Anti Luz alikuwa mpangaji wetu kule Euless, Texas, chumba cha nyuma. Tulikaa karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka, vikombe viligongana kabatini. Yeye na mama walikuwa manesi katika nyumba moja ya kutunzia wazee, na walipendana kama wapendanavyo watu wanaotaniana kutwa. Anti alimcheka mama kwa ugali wake. Mama alimuuliza wali wa asubuhi una tofauti gani na wa mchana na wa jioni. Anti aliponifundisha adabu ya kwao, kuushika mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji langu la uso, mama alisema, "Afadhali, maana shikamoo imemshinda." Sisi ni watu wa Voi, na shikamoo kwa mama haikuwa mchezo.

Sasa, wewe unayesoma, kama umelelewa na Mkenya unaujua ule mkebe wa bluu wa biskuti za siagi, usio na biskuti hata moja. Kumbe Wafilipino nao ni wale wale. Kwetu ilikuwepo miwili, imekaa juu ya friji bega kwa bega. Wa Anti ulikuwa na karatasi zake zote za maisha. Wa mama ulikuwa na nyuzi za kushonea, au ndivyo alivyosema, maana sikuwahi kumwona akiufungua.

Wakati huo ofisi ile ya Houston haikuwepo. Anti alisimulia kwamba zamani ilikuwepo, ikafungwa, na Wafilipino wa Texas wakawekwa chini ya Los Angeles, mwendo wa siku mbili kwa gari. Kwa hiyo mara moja moja maofisa walisafiri na mihuri na mashine zao, wakakodi ukumbi kwa siku moja au mbili. Pasipoti, vyeti vya watoto waliozaliwa huku, karatasi za kiwanja cha marehemu baba, yote yalimalizwa pale. Ukiikosa siku hiyo, ngoja mpaka watakaporudi.

Anti hakuwa na muda wa kungoja. Alikuwa ameapa kuwa Mmarekani, na kwa kiapo kile uraia wake wa kuzaliwa ukaondoka. Sasa sheria ya kwao ilimruhusu aape upya, aurudishe, asipoteze na wa Marekani. Mama yake alikuwa mgonjwa huko kwao, na Anti alishakata tiketi ya mwezi uliofuata. Kila akipiga simu, bibi yule alimuuliza swali lile lile: "Ukifika uwanja wa ndege, utasimama foleni ya wageni?" Anti alikata simu akalia, kisha akaingia jikoni kukaanga kitunguu saumu.

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, mama kwenye usukani. Baba alikuwa bado kazini, zamu ya mizigo uwanja wa ndege. Mama alinituma nipande kiti nilete mkebe. Nilikuwa na usingizi. Nikachukua mmoja, nikaupakata saa nne nzima, na harufu ya kuku wa siki ikitoka miguuni kwa Anti.

Ukumbi ulikuwa Sharpstown, mtaa mmoja wa Houston, wa kanisa, wenye goli la mpira wa kikapu juu na bendera ya Ufilipino chini yake. Watu walikuwa mamia, na kila familia na sufuria yake, utadhani harusi. Mimi nilipita foleni nzima nikishika mikono ya mabibi na kuigusisha usoni kwangu. Walinijaza peremende, wakauliza huyu mtoto mweusi mwenye adabu ni wa nani. Nilirudi kwa mama nikiwa nimevimba kichwa.

Ikafika zamu yetu. Anti akaufungua mkebe mbele ya ofisa, mama mmoja mpole mwenye miwani. Ndani hapakuwa na cheti cha Anti. Wala hapakuwa na nyuzi. Palikuwa na pasipoti ya Kenya ya zamani, kitambulisho cha mama akiwa msichana mwembamba, na picha ya bibi yangu mlangoni Voi.

Nilimtazama mama nikingoja kofi. Hakunitazama. Aliinua ile pasipoti, akaifungua, akaifunga, akairudisha. Anti alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Ofisa akasema kwa upole kwamba bila cheti cha kuzaliwa hawezi, na kwamba saa tisa wanafunga, jioni wanapanda ndege.

"Nita-call baba yake," mama alisema.

Baba ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu. Mama alimwambia, "Usilale. Chukua ule mkebe uliobaki, njoo." Tukakaa. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Anti alinipakulia kuku na wali. Saa nane ikapita. Watu wakaanza kukunja viti. Anti alikuwa akisali na rozari mfukoni, naona vidole vikisogea chini ya kitambaa.

Saa tisa kasoro dakika kumi baba akaingia na sare yake ya kazi, macho mekundu, mkebe kwapani. Alimpa Anti, akaketi sakafuni, akalala pale pale.

Walikuwa watu kumi na mbili walioapa mwisho. Waliinua mikono ya kulia. Anti Luz alisema maneno yake kwa sauti kubwa kuliko wote, machozi yakimfika kidevuni, na watu wakapiga makofi. Nilimgeukia mama. Alikuwa amesimama ukutani, amekumbatia mkebe wetu, analia bila kujifuta. Nikajua ni hasira juu yangu kwa ule mkebe. Nilizingoja mpaka Euless, na kwa miaka mingi baada ya hapo.

Wageni kutoka Kenya walipokuja kwetu na kumuuliza habari za kurudi, mama alikuwa na jibu moja: "Maji yakimwagika hayazoleki." Nilidhani ni methali tu. Sikujua kwamba naye aliapa kuwa Mmarekani kama Anti, na kwamba nchi yetu siku zile haikukubali mtu kuwa na uraia wa pili. Hakuwa na ukumbi wa kwenda, hata angeubeba mkebe sahihi.

Halafu sheria ya Kenya nayo ikabadilika. Nilikuwa chuoni maofisa wetu walipokuja kwenye ukumbi mmoja Cedar Hill, huku huku Texas. Niliubeba mkebe mimi, nikaufungua mara tatu njiani. Anti Luz alikaa nyuma na kuku wake wa siki. Kwenye foleni nikapata ujasiri.

"Mama, siku ile Houston, nisamehe. Najua ulikasirika."

Alinishangaa kweli kweli. "Nikukasirikie wewe? Nilikuwa na wivu, mwanangu. Nilimwonea Luz wivu mpaka nikaona haya kumpongeza."

Anti alikuwa amesimama hapo hapo. Hakuelewa Kiswahili chote, lakini alimshika mama mkono.

Wakaita jina lake, lote, na la babu yangu mwishoni. Mama akaenda mpaka mezani, akasimama wima, akainua mkono wa kulia juu, ingawa hakuna aliyemwambia auinue.