Vyuma vya Kufungulia Makufuli

Mimi ni mtu wa vidole. Nikikaa bila kazi mkononi naanza kugombana na watu. Nilifuma vitambaa vya makochi mpaka ndugu zangu wakaanza kunikimbia, kisha nikaona kwenye simu video za watu wanaofungua makufuli bila ufunguo, kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyocheza bao. Nikasema, haya, ndiyo hii.

Tatizo ni ninakokaa. Nimepanga chumba Kariakoo, nyumba ya korido moja, milango inatazamana, kila mlango na kufuli lake. Mama mwenye nyumba alishamtoa mpangaji kwa maneno tu ya sufuria iliyopotea, na sufuria yenyewe ikaja kuonekana kwa jirani. Sasa nikutwe mimi na vyuma vya kufungulia milango! Chumba kingekwenda mchana kweupe, watu wananizomea. Na chumba kile nakipenda, jamani. Kazini naenda kwa miguu.

Hata hivyo nilikwenda kununua. Muuzaji wa makufuli na vitasa aliniangalia juu mpaka chini.

"Vya nini, dada?"

"Vya kuchezea."

"Kuchezea!" Akacheka, akaniwekea mkoba mweusi uliojaa vyuma vya kila umbo, vingine sijui hata vinashikwaje. Nilitamani, nisiseme uongo. Lakini nilipobonyeza kimoja kikapinda palepale. Nikamwambia huo akamuuzie mwingine. Nikachukua seti ndogo iliyo ngumu: viwili vyenye ncha ya ndoano, kimoja chenye meno kama msumeno, na vipande viwili bapa vya kuzungushia. Anayeanza hahitaji zaidi. Vikiwa vingi atashinda anabadilisha vyuma tu. Nikaongeza kufuli la plastiki linaloonyesha ndani, uone vijiti vyake vikipanda na kushuka. Hilo lilinituliza roho kidogo. Mwizi gani ananunua kufuli la kuona ndani?

Njiani woga ukarudi. Nikafikiria kuvificha kwenye ndoo ya mchele, chini ya godoro, nyuma ya kabati, na kila mahali nikamwona mtu akivikuta. Nyumbani kwetu ukileta kitu kipya, iwe friji au mgeni, unapitia kwanza kwa mama mwenye nyumba. Nikaamua na hivi vipite hukohuko. Potelea mbali!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamwaga kila kitu kwenye mkeka wake. Nikaeleza, nikajichanganya, nikaanza upya. Akaokota kufuli la plastiki, akanipa.

"Haya, fungua hilo nione."

Nikachokoa, nikazungusha, wapi! Akawaita wapangaji wote uani waje washuhudie, asije mtu akasema hakuambiwa. Nikachokoa mbele yao mpaka jasho likanidondoka puani, na kufuli la watu, la plastiki, limenigomea.

"Kama huyu ndiye mwizi," akasema mama mwenye nyumba, "basi tulaleni tu milango wazi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walinitania wiki nzima, nami nikawa nacheka nao, maana nilikuwa bado na chumba changu.

Ila moyoni kuna kitu kiliniwasha. Wananiamini kwa sababu siwezi. Je, nikiweza?

Nikaja kuweza. Jumapili moja kufuli la plastiki likafunguka, kisha kufuli la zamani la sanduku langu la bati nalo likafunguka, nikapiga kelele peke yangu. Ningeweza kunyamaza, lakini nyumba ile haina siri. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, nikalifungua lile la zamani mbele ya macho yake.

Safari hii hakucheka. Alilichukua, akaligeuza, akaangalia korido na makufuli yake yote. Kisha akaingia ndani kwake, akakaa huko. Nikaanza kuwaza nitapata wapi chumba kingine.

Akatoka amevaa khanga ya kutokea, akafunga mlango wake, akaninyooshea ufunguo.

"Naenda msibani Buguruni, nitalala huko. Binti yangu akija mfungulie. Na umfungulie kwa ufunguo, usinichezee kufuli langu."

Nikaupokea kwa mikono miwili.